Tairi la Gari la Umeme Lichaguliwe kwa Uzito, Si kwa Jina

Mwenye gari la umeme la fahari, refu kwa kimo na kali kwa mbio, aghalabu hupata mshituko wake wa kwanza katika matairi, wala si katika betri ambayo watu wote walimtisha nayo siku aliyolinunua. Kwani huyaona yamekwisha kashata ilhali gari lenyewe bado lina harufu ya upya, na aendapo dukani kutafuta mengine hukutana na bei isiyofanana na bei yoyote aliyopata kulipia mpira, pamoja na msururu wa majina, alama na sifa ambao haumwelezi kitu ila kwamba kila tairi ni bora kuliko lile lililo kando yake. Mtu aliyeshitushwa na bei na kutatizwa na majina huchagua kwa njia moja kati ya mbili: ama hununua lililo rahisi kuliko yote, akasema mpira ni mpira, ama hununua lile lililoandikwa kwamba limetengenezwa makhsusi kwa magari ya umeme, akaamini kuwa maandishi hayo yamekwisha kumfikiria kila kitu. Njia zote mbili naziona ni za makosa. Rai yangu mintarafu ya jambo hili ni kwamba swali la kwanza liwe uzito, la pili liwe barabara na majira ya mahali anapoishi mwenye gari, na jina la tairi lije nyuma ya hayo. Tena nathubutu kusema kwamba wengi wa wenye magari haya wangefanya vyema kuziweka kando rimu kubwa walizopewa kiwandani na kushuka kwenye rimu ndogo.

Ili hoja isielee hewani natwaa gari moja lijulikanalo, nalo ni Tesla Model Y la daraja la Performance, lililoanza kutolewa mwaka 2020. Lina uzito wa tani 2 hivi kabla hajaingia mtu wala mzigo, na hutoka kwenye kusimama hadi kilomita 100 kwa saa katika muda usiotimia sekunde 4. Huo ni mwendo ambao katika kizazi kilichopita haukujulikana ila katika magari machache ya bei ya kifalme, na ambao leo amekabidhiwa mzazi apelekaye watoto shule. Uzito huo wote na mbio hizo zote, pamoja na kila kona na kila kusimama kwa ghafula, hupitishwa ardhini na mapande manne ya mpira ambayo kila moja, pale linapogusa lami, halizidi sana kiganja cha mtu mzima. Mota ya umeme haina haja ya kungoja mizunguko ipande ndipo ipate nguvu, kama ilivyo injini ya petroli. Nguvu yake hutoka papo hapo dereva agusapo pedali, na aondoapo mguu mota hiyohiyo hugeuka kuwa kizuizi na kurudisha umeme katika betri, hata pedi za breki zikadumu miaka mingi. Sifa hiyo ya pedi hutangazwa sana, nayo ni kweli, lakini kila kani, iwe ya kuondoka ama ya kusimama, mlipaji wake ni tairi, na tairi halirudishiwi kilichochukuliwa. Kwa hiyo asiharakishe mtu kumlaumu mtengenezaji kwamba tairi lake lilikuwa bovu kwa kuwa lilikwisha mapema; yamkini lilifanya kazi ambayo katika gari jepesi ingefanywa na matairi mawili.

Sasa uzito. Ubavuni mwa kila tairi, baada ya kipimo chake na kabla ya herufi ya mwendo, pana tarakimu ambayo wanunuzi wengi huipita macho, nayo ndiyo yenye siri kubwa kuliko maandishi mengine yote. Katika gari letu la mfano magurudumu ya mbele huvaa tairi la 255/35R21, na ya nyuma 275/35R21. Lile la mbele huandikwa 98, maana yake lina uwezo wa kubeba kilo 750. La nyuma huandikwa 103, yaani kilo 875. Ukishuka kwenye tairi la 255/45R19, ambalo ndilo livaliwalo na Model Y la kawaida lenye rimu za inchi 19, utakuta 104, yaani kilo 900. Lakini hapa pana mtego, nami nausisitiza kwa sababu haumkamati mjinga peke yake: kipimo hichohicho cha 255/45R19 hutengenezwa pia kwa ujenzi wa kawaida, usio na alama ya XL ambayo nitaieleza punde, na hilo huandikwa 100, yaani kilo 800. Kwa macho ni tairi moja. Litaingia kwenye rimu, gari litatembea, na muuzaji asiyejua ama asiyejali atakuapia kwamba ni sawa, ilhali kwa magurudumu manne umepungukiwa na uwezo wa kilo 400 katika gari ambalo karibu sakafu yake nzima ni betri. Upungufu wa namna hiyo haujitangazi siku ya kwanza. Huja katika safari ndefu ya jua kali, gari limejaa watu na mizigo, upepo umepungua kidogo bila mtu kujua, na ubavu wa tairi unajikunja na kujikunjua kwa kila mzunguko hata ukapata joto lisilostahimilika.

Alama ya XL ni ya tairi lililoongezewa nguvu, na ile ya HL, iliyoanza kuonekana sokoni tangu mwaka 2021, ni ya tairi lililozidishiwa nguvu kuliko XL kwa sababu ya magari mazito kama haya. Kanuni ni nyepesi kushika: tarakimu ya tairi jipya isiwe chini ya ile iliyoagizwa na mtengenezaji wa gari kwa gurudumu hilo, na maagizo hayo hupatikana katika kitabu cha gari na katika kibandiko kilicho nguzoni mwa mlango wa dereva, ambacho pia hueleza upepo wa kujazwa. Kwa Model Y upepo huo kwa kawaida ni psi 42, nao hupimwa tairi likiwa baridi, yaani asubuhi kabla ya safari. Mwenyeji wa Maskati au Dubai apimaye adhuhuri baada ya kutoka katika lami ya Julai hupata hesabu iliyopandishwa na joto, akapunguza upepo asiopaswa kuupunguza. Herufi ya mwendo nayo isidharauliwe. V ni kilomita 240 kwa saa, W ni 270, Y ni 300, na kwa kuwa gari hili lina uwezo wa kufika 250, tairi la V liko chini ya kadiri yake hata kama mwenyewe hana nia ya kuendesha hivyo, kwa maana herufi hiyo hushuhudia pia ustahimilivu wa tairi mbele ya joto.

Nirejee kwenye maandishi yasemayo kwamba tairi ni la magari ya umeme. Pirelli huandika Elect. Michelin ilitoa Pilot Sport EV mwaka 2021. Hankook ikafuata mwaka 2022 na jamii nzima ya matairi iitwayo iON. Na matairi yaliyotengenezwa kwa makubaliano na Tesla huwa na alama ndogo ya T0, T1 au T2. Sisemi kwamba alama hizi ni ulaghai. Aghalabu huambatana na mpira usiopoteza nguvu nyingi katika kuzunguka, na mbavu zilizoimarishwa, na sifongo iliyogandishwa ndani ya tairi ili imeze mvumo ambao katika gari la petroli ungefunikwa na sauti ya injini. Hayo yote ni mambo mema, na mwenye kuyaweza ayanunue. Ninalolikataa ni dhana kwamba pasipo alama hizo gari litaharamika, au kwamba penye alama hizo hapana haja ya kuuliza tena. Tairi la michezo la kawaida lenye kipimo, uzito na herufi zilizo sawa ni halali kabisa kwa gari la umeme; litakachokupunguzia, likikupunguzia, ni kilomita kadhaa za chaji na utulivu kidogo wa masikio.

Na sifongo hiyo ina upande wake wa pili, ambao dukani haumo katika maelezo. Model Y halina tairi la spea. Mtu akipata pancha njiani hana budi kungoja kuvutwa, au atumie ile dawa ya majimaji inayopulizwa ndani kuziba tundu, na dawa hiyo ikikutana na sifongo huloana nayo na kuganda, hata fundi pancha akilifungua tairi baadaye hukuta uji ulioshikamana na mpira. Hata pancha ya msumari mmoja, ambayo kwa tairi la kawaida ni kazi fupi, hapa humtaka fundi akwangue sifongo mahali pa tundu, asafishe, abandike kiraka kwa ndani, kisha ama arudishie kipande kilichokatwa ama auache upenyo huo wazi. Fundi ajuaye kazi hii hupatikana kwa urahisi katika baadhi ya miji, na katika miji mingine hapatikani kabisa. Basi kabla ya kununua tairi lenye sifongo mtu amuulize kwanza fundi wa mtaani kwake kama ataliziba, maana tairi lisilozibika mahali unapoishi ni ghali mara mbili ya bei uliyolipa.

Baada ya uzito huja barabara, na hapa kila mnunuzi ni lazima ajiulize kwa insafu gari lake hufanya nini hasa. Rimu za inchi 21 hupendeza, sikatai. Lakini tairi la 255/35R21 lina ubavu wenye kimo cha milimita 89 tu, na hizo ndizo zote zilizosimama kati ya shimo la barabarani na rimu ya aluminiamu. Tairi la 255/40R20 lina milimita 102, na la 255/45R19 lina milimita 115 kasoro kidogo. Ajabu yenye manufaa ni kwamba matairi yote matatu, ukiyapima kutoka ukingo hadi ukingo, yana kipenyo kimoja cha milimita 712 hivi, kwa hiyo kushuka kutoka inchi 21 hadi 20 au 19 hakulishushi gari wala hakuidanganyi saa ya mwendo kwa kadiri ya kutisha. Kinachobadilika ni kwamba chuma hupungua na hewa huongezeka. Mtu akaaye Nairobi, ambako magari haya yameanza kuonekana, na apitaye kila siku juu ya matuta yasiyo na rangi na lami iliyomegeka kingoni, ananunua kwa milimita hizo 26 amani ambayo hakuna jina la kampuni liwezalo kumpa. Na yeye wa Ulaya au Amerika Kaskazini, ambaye kila masika huona mashimo yaliyochimbwa na barafu, hana udhuru tofauti.

Faida ya pili ya kushuka rimu ni kwamba huondoa ule mpango wa matairi mapana nyuma na membamba mbele. Mtengenezaji wa Model Y huagiza matairi yazungushwe kila kilomita 10,000, au mapema zaidi iwapo tofauti ya kina cha kashata imefika milimita 1.5, lakini tairi la 275 haliwezi kwenda mbele wala la 255 kwenda nyuma, kwa hiyo mwenye Performance hana dawa hiyo, na matairi yake ya nyuma hufa peke yao ilhali ya mbele yangali na umri. Akivaa tairi la kipimo kimoja pande zote nne, atayazungusha, na yote yatazeeka pamoja. Faida ya tatu ni chaji. Mwaka 2022 hesabu rasmi za Wakala wa Mazingira wa Marekani ziliipa Model Y ya Long Range maili 330 na Performance maili 303, na ingawa magari mawili hayo hayatofautiani kwa magurudumu peke yake, rimu na matairi yana fungu kubwa katika upungufu huo. Sharti moja tu: kabla ya kununua rimu ndogo fundi ahakikishe kwamba inapita salama juu ya kalipa za breki, ambazo katika daraja la Performance ni kubwa, na kwamba rimu yenyewe ina uwezo wa uzito kama tairi lilivyo nao, kwani rimu za bei ya kutupa nazo hupasuka.

Majira ya mahali yanaweza kugeuza uchaguzi wote. Tairi la kiangazi, ambalo ndilo gari hili hutoka nalo kiwandani mara nyingi, lina mpira unaoshika vizuri katika joto na kuwa mgumu hali ya hewa ikishuka chini ya nyuzi 7 hivi. Mswahili aliyehamia Oslo, Toronto au Minneapolis akaendesha nalo Januari anahatarisha nafsi yake na nafsi za wengine, na katika jimbo la Québec sheria humlazimisha kuvaa matairi ya baridi tangu Desemba 1 hadi Machi 15. Anayetaka seti moja ya mwaka mzima atafute alama ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake, wala asitosheke na herufi M na S, ambazo hazithibitishi kipimo chochote cha theluji. Kwa wakaao Ghuba na pwani yetu tairi la kiangazi ndilo lao, bali wasilipime kwa joto tu. Mvua ya kwanza baada ya miezi ya ukavu, inapochanganyika na vumbi na mafuta yaliyolala juu ya lami, huifanya barabara iteleze kuliko wadhanivyo waliozoea jua.

Na katika suala la maji nina msimamo usiotikisika. Kibandiko cha Umoja wa Ulaya kilichoanza kutumika Mei 1, 2021 huonyesha mambo matatu kwa kila tairi: nguvu inayopotea katika kuzunguka, mshiko katika maji, na kelele ya nje, na mambo mawili ya kwanza hupangwa kwa daraja kutoka A hadi E. Wenye magari ya umeme, kwa ile hofu ya chaji kuisha njiani, hukimbilia herufi ya kwanza na kuisahau ya pili. Lakini tofauti ya daraja moja katika mshiko wa maji, gari likifunga breki kutoka kilomita 80 kwa saa, inaweza kuwa mita 3 hadi 6, nazo ni mita za kutosha kwa mtoto kusimama ndani yake. Kilomita zilizopotea za chaji hununuliwa tena kwa dakika chache kituoni. Kwa hiyo panapolazimika kuchagua, C ya chaji pamoja na A ya maji ni bora kuliko kinyume chake, na kashata zibadilishwe zingali na milimita 3 zilizobaki, bila ya kungojea 1.6 ambazo sheria ya Ulaya huruhusu. Ile tarakimu ya Kimarekani ya udumifu, ambayo wauzaji hupenda kuitaja, hutolewa na kila kampuni kwa matairi yake yenyewe. Inafaa kulinganishia matairi mawili ya kampuni moja, na haifai sana zaidi ya hapo.

Siku ya kununua, mtu ainame aangalie tarakimu nne za mwisho za alama ya DOT: 2324 ni juma la 23 la mwaka 2024. Tairi lililolala ghalani miaka mingi katika nchi ya joto ni zee hata kama halijagusa lami. Kisha ayatazame yale anayoyavua, maana yana habari. Katika magari haya mazito magurudumu ya nyuma huinamishwa kidogo kwa juu kuelekea ndani, na aghalabu uso wa nje wa tairi huonekana una kashata nzuri, hata mwenyewe akajisifu kwa uendeshaji wake. Lakini mtu akipeleka mkono nyuma ya gurudumu na kupitisha vidole kwenye ukingo wa ndani, hukuta pamekuwa kipara, laini kama kioo, na pengine ncha za waya zikamchoma. Aliyekuta hali hiyo akavalisha matairi mapya bila ya kupima na kurekebisha mlalo wa magurudumu ameagiza kipara kingine.

Asiyeweza bei ya majina makubwa asikate tamaa. Tairi la kampuni ya daraja la kati, lenye uzito na herufi zilizotimia na mshiko mwema wa maji, ni ununuzi wa heshima. Tairi la mtumba, walakini, silishauri hata kidogo kwa gari la tani 2 lenye mbio hizi, kwa kuwa majeraha ya ndani hayaonekani na historia yake haijulikani. Udumifu nao unawahusu hata wasiokuwa na gari kabisa: mpira unaokwisha huenda barabarani, kisha mitoni, na mwaka 2020 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Washington pamoja na wenzao walitangaza katika jarida la Science kwamba dawa iitwayo 6PPD, itiwayo katika matairi kuyakinga na kuchakaa, hugeuka kuwa sumu iliyokuwa ikiwaua samaki wa samoni aina ya coho katika vijito vya pwani ya magharibi ya Marekani. Ulaya imekwisha kuliona jambo hili, na kanuni yake ya Euro 7 ya mwaka 2024 inaweka kwa mara ya kwanza mipaka ya mpira unaoruhusiwa kupukutika. Gari lisilotoa moshi lingali na wajibu wa kuupunguza mpira huo.

Watengenezaji nao wana la kujibu. Daraja la Performance, kwa sehemu kubwa ya miaka yake, halikuuzwa na hiari ya rimu ndogo; aliyetaka nguvu alilazimishwa inchi 21 na matairi yasiyozungushika, na gharama ya matairi hayo haikuwa sehemu ya mazungumzo alipokuwa akihesabiwa akiba ya petroli. Naona ni haki kudai kwamba rimu ndogo zitolewe kama chaguo katika kila daraja bila ya kumnyima mteja kitu kingine, na kwamba hati ya mauzo iandikwe kipimo cha matairi, tarakimu ya uzito, na bei ya kubadilisha yote manne siku hiyo ya kununua. Mpaka hapo watakapokubali, mnunuzi aulize mwenyewe kabla ya kutia sahihi, na ajibiwe kwa maandishi.